Msandali, Marufuku na Nyasi ya Idhkhiri
Fiqhi na historia ya miti ya manukato katika ardhi ya Karagwe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Liko swali ambalo imamu wa mji wa mpakani kama Kayanga anaweza kuulizwa siku yoyote baada ya sala. Msandali ni mti ulioota wenyewe porini, hakuna aliyeupanda ila Mwenyezi Mungu. Manukato yake ni halali, na kujitia manukato ni sunna. Basi serikali inapokataza mti huo usikatwe wala usiuzwe, amri hiyo ina nguvu gani mbele ya Sheria?

Wako wanaojibu haraka kwamba haina nguvu yoyote, kwa kuwa hakuna mwanadamu awezaye kuharamisha alichohalalisha Mungu. Na wako wanaojibu haraka kwa upande wa pili, kwamba maadamu wakubwa wamekataza, basi mwananchi hana la kusema. Makala hii inaona majibu yote mawili yana kasoro. Marufuku ya jumla juu ya miti ya manukato yafaa yapingwe, na historia inatupa sababu za kutosha za kuyapinga. Lakini Sheria yetu imetufundisha pia namna ya kupinga, na namna hiyo ndiyo iliyosahauliwa.

Manukato katika Sheria

Tuanze na msingi. Kaida mashuhuri ya fuqahaa ni kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Manukato hayakuachwa katika uhalali mtupu, bali yamependekezwa. Qur'ani imetaja miski, kafuri na raihani katika neema za watu wa Peponi. Mtume (s.a.w.) aliyapenda manukato, hakuwa akiyarudisha anapotunukiwa, na amewahimiza Waislamu kujipaka siku ya Ijumaa. Alipofariki binti yake, aliwaagiza wanawake waliomwosha waweke kafuri katika mwosho wa mwisho. Kwa hiyo harufu njema inamfuata Muislamu tangu msikitini mpaka kaburini.

Wanavyuoni hawakuishia kusema kuwa manukato ni mazuri. Walichunguza yanatoka wapi. Miski hutoka katika tezi ya mnyama, na juu ya hilo wamekubaliana kuwa ni tahara, kama alivyonukuu Imamu Nawawi. Zabadi hutoka kwa fungo na ngawa, na wafuasi wa Imamu Shafi'i wakasema ni tahara, wakasamehe manyoya machache yanayochanganyika nayo. Juu ya ambari waliulizana kama inatolewa khumsi, yaani sehemu moja ya tano. Al-Hasan al-Basri aliona inatolewa. Ibn Abbas (r.a.) aliona haitolewi, kwa sababu si hazina iliyozikwa, bali ni kitu kilichotupwa na bahari. Al-Mas'udi, msafiri aliyefika pwani ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, ameandika habari za ambari ya pwani hiyo. Nchi zetu, basi, zimo katika mazungumzo haya tangu zamani.

Hata hivyo Sheria hiyohiyo imeyawekea manukato mipaka. Aliyehirimia hija au umra hajipaki. Mwanamke aliye edani kwa kufiwa na mumewe hajipaki. Manukato yenyewe hayakubadilika kuwa najisi wala maovu. Ni wakati na hali vilivyobadilika. Tunajifunza hapa kwamba kitu kuwa halali hakuzuii kisiwekewe mpaka wa wakati, wa mahali au wa namna. Anayesema "ni halali" akadhani amemaliza hoja, hajaianza.

Njia iliyoleta udi Karagwe

Uislamu haukufika Karagwe kwa jahazi. Ulipanda na misafara iliyotoka pwani, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaelekea kaskazini hadi Karagwe, na kutoka hapo ikavuka kwenda Buganda. Katikati ya karne ya 19 Kafuro, karibu na Bweranyange yalikokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili. Ahmed bin Ibrahim, anayetajwa kuwa Mwarabu wa kwanza kufika katika baraza la Kabaka wa Buganda, mnamo mwaka 1844, alikuja kufanya maskani Kafuro, na Stanley alimkuta huko mwaka 1876. Musa Mzuri, tajiri wa asili ya Kihindi aliyekaa Tabora, alimsaidia Mfalme Rumanyika katika ugomvi wake na nduguye Rogero. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika Novemba 1861, njia hiyo ilikuwa imekwisha kuzoeleka.

Bidhaa kubwa za njia hiyo zilikuwa pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba. Lakini msafara haubebi bidhaa peke yake. Unabeba pia desturi: sala ya Ijumaa, namna ya kuozesha na namna ya kuzika, pamoja na ubani na udi ambao watu wa pwani huandamana nao katika mambo hayo.

Nao watu wa bara hawakuwa wageni wa harufu njema. Wafugaji wa Ankole, jirani wa Karagwe upande wa kaskazini, wana desturi ya kufukiza vyombo vya maziwa. Malisho yao yana nyasi ndefu yenye harufu kali wanayoiita omutete, ambayo ni ya ukoo mmoja na mchaichai. Msomaji aikumbuke nyasi hii, kwa sababu ndugu yake mwingine ndiye atakayetupa hukumu ya jambo letu.

Mti wenyewe

Msandali unaozungumzwa hapa ni msandali wa Afrika, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata. Si ule msandali wa Hindi, ingawa mafuta yake yanakaribiana nao kwa harufu. Ni mti mdogo, mara nyingi kichaka tu, unaokua polepole katika vilima vikavu na mapori ya miti michache. Unapatikana Tanzania, Uganda na Rwanda, nchi tatu zinazokutana kwenye Mto Kagera katika ncha ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Upo pia Kenya, Burundi na Ethiopia. Wanyarwanda huuita umushikiri.

Mambo matatu yanaufanya mti huu uwe dhaifu mbele ya tamaa ya watu. Kwanza, mafuta yake yamo katika kiini cha shina na hasa katika mizizi. Mvunaji mwenye haraka hakati tawi. Anang'oa mti mzima, na mti uliong'olewa hauchipui. Pili, miti yake ina dume na jike mbalimbali. Ikimalizwa ya jinsia moja katika kilima, iliyobaki haizai mbegu. Tatu, mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea jirani na kunyonya humo sehemu ya chakula. Kwa hiyo kuupanda si kama kupanda mkaratusi. Unahitaji mwenzake wa kuegemea tangu ukiwa mche.

Msandali wa Hindi ulipoadimika, wanunuzi wakageukia huu wa kwetu. Magogo na mizizi ikaanza kusafiri kwenda kwenye viwanda vya kukamulia mafuta, na mafuta kwenda ng'ambo kutiwa katika manukato, sabuni na dawa.

Marufuku na matokeo yake

Mwaka 2007 Rais wa Kenya alipiga marufuku uvunaji wa msandali nchini humo. Nia ilikuwa njema, na hofu ilikuwa ya kweli, kwa kuwa vilima vilikuwa vinabaki vitupu. Lakini biashara haikufa. Ilihama. Magogo yaliyokatwa Kenya yakavushwa mpaka kwa siri kuja Tanzania kusindikwa. Baadaye wavunaji wakaingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na safari hii magogo ya Uganda yakawa ndiyo yanayovushwa kwenda Kenya. Rwanda nayo vyombo vya dola vimekuwa vikikamata shehena za umushikiri. Mti uliokatazwa upande mmoja wa mto ukawa na bei zaidi upande wa pili.

Kenya ilipoona hivyo ilipeleka hoja katika mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliofanyika Bangkok Machi 2013. Msandali wa Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Uganda na Tanzania ukaingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba huo. Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya. Orodha ya Pili si marufuku. Inaruhusu biashara kwa kibali, na kibali hutolewa baada ya nchi kujiridhisha kwamba uvunaji hautauangamiza mti. Kilichokatazwa ni kusafirisha nje bila kibali.

Lakini lipo na la pili, ambalo mtetezi wa mvunaji mdogo anapaswa kulijua. Kanuni hiyo inashika magogo, vipande, unga na mafuta. Haishiki mbegu, wala haishiki bidhaa iliyokamilika na kufungwa tayari kwa kuuzwa rejareja. Maana yake ni kwamba anayebeba gogo mpakani anaulizwa karatasi, na chupa ya manukato iliyotokana na gogo hilo inapita viwanja vya ndege bila kuulizwa. Yako maelezo ya kiutendaji juu ya hilo, kwani haiwezekani kukagua kila chupa. Lakini kwa macho ya uadilifu, mzigo wa sheria umemwangukia aliye chini kabisa katika mnyororo, na ndiye anayepata kidogo kuliko wote.

Hapa Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji wa mazao ya misitu, na msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna ruhusa ya kukata mti. Mwananchi wa Karagwe na Kyerwa, basi, amezungukwa na aina tatu za mipaka kwa pamoja: mpaka wa nchi, mpaka wa hifadhi na mpaka wa kibali. Anayempa nasaha ya dini bila ya kuijua hii mipaka, anaweza kumpeleka jela kwa fatwa.

Somo la Mysore

Tusidhani mambo haya ni mapya. Yamewahi kujaribiwa kwa zaidi ya miaka 200, na mwenye kuyaanzisha alikuwa Sultani wa Kiislamu. Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kusini mwa Hindi, aliutangaza msandali kuwa mti wa kifalme mwaka 1792. Aliuawa vitani mwaka 1799 akipigana na Waingereza, lakini amri yake ikaishi. Walioshika utawala baada yake waliikuta ina faida, wakaiendeleza, na serikali ya Hindi huru nayo ikairithi. Msandali ulioota katika shamba la mtu haukuwa mali yake bali mali ya serikali, naye mwenye shamba akawajibika kuulinda.

Matokeo yake hayahitaji mtaalamu kuyaeleza. Mkulima anayejua kwamba mche huu ukikua utamletea askari na si fedha, ataung'oa ungali mdogo. Hakuna aliyepanda. Aliyekata, alikata usiku. Ugonjwa wa miti nao ukaongeza balaa juu ya balaa. Magendo yakakua hadi jambazi mmoja, Veerappan, akajificha misituni miaka mingi akiishi kwa msandali na pembe za ndovu, mpaka alipouawa na polisi Oktoba 2004. Mwishowe majimbo yenyewe yakarudi nyuma. Karnataka, ambayo ndiyo Mysore ya zamani, ilibadili sheria yake mwaka 2001, na Tamil Nadu mwaka 2002, ili msandali ulioota katika shamba la mtu uwe wake. Ndipo watu wakaanza kupanda.

Ndugu msomaji asije akasema kwamba, kwa kuwa Tipu alikuwa Muislamu, basi amri yake ni hoja ya Uislamu. Kitendo cha mfalme si dalili. Mtume (s.a.w.) amekataza hima isipokuwa iwe ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wanavyuoni wamefafanua kwamba katika zama za ujahili mkubwa wa kabila alikuwa akijitengea malisho mazuri kwa ajili ya mifugo yake, akawazuia wengine. Hilo ndilo lililobatilishwa. Kutenga kwa maslaha ya wote kulibaki, na kutenga kwa manufaa ya hazina ya mtawala hakuna msingi.

Hadithi ya idhkhiri

Sasa tuje kwenye mfano ulio bora kuliko yote. Mwaka wa 8 Hijria (630), Makka ilipofunguliwa, Mtume (s.a.w.) alihutubia watu akawaambia kuwa mji huo ni mtakatifu: wanyama wake wa mwitu wasifukuzwe, miti yake isikatwe, na majani yake yasing'olewe. Hii ni marufuku ya mimea, na ni nzito kuliko marufuku yoyote ya serikali, kwa kuwa imetoka kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Ndipo Al-Abbas (r.a.), ami yake Mtume, akasimama na kuomba idhkhiri ivuliwe, kwa kuwa watu wa Makka waliihitaji kwa mafundi wao wa vyuma, kwa nyumba zao na kwa makaburi yao. Mtume (s.a.w.) akakubali, akaivua idhkhiri. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.) na wengineo.

Idhkhiri ni nini? Ni nyasi yenye harufu nzuri. Wataalamu wa mimea wanaiweka katika jamii moja na mchaichai wetu, na jamii hiyo ndiyo ya omutete wa Ankole. Waarabu waliezekea nayo, wakaiwashia moto, na wakaziba nayo nafasi za mwanandani. Katika hotuba kubwa kama ile, mmea uliovuliwa katika marufuku ni mmea wa harufu njema, kwa sababu ya haja za watu wa kawaida.

Tuangalie namna Al-Abbas alivyoomba, kwani adabu yote ya kupinga marufuku imo humo. Hakupinga utakatifu wa Makka. Hakusema kwamba majani ni ya Mungu na kwa hiyo kila mtu akate atakavyo. Hakukata kwanza akaja kuomba baadaye. Alisimama hadharani, akataja mmea mmoja kwa jina lake, akataja matumizi yake moja baada ya jingine, na akataja wenye haja. Na Mtume (s.a.w.) hakuichukulia haja ya fundi wa vyuma na mzika maiti kuwa jambo dogo lisilostahiki kujibiwa siku hiyo.

Ikiwa marufuku ya Haram tukufu imekubali kuvuliwa mmea mmoja kwa haja ya watu, basi kanuni iliyoandikwa na wanadamu ina haki zaidi ya kuulizwa na kurekebishwa. Na ikiwa sahaba mkubwa hakujipa ruhusa mwenyewe mpaka akaomba, basi kijana wa mpakani hana haki zaidi yake ya kujipa ruhusa usiku.

Malisho ya Umar

Mfano wa pili ni wa Khalifa Umar (r.a.). Alitenga malisho kwa ajili ya wanyama wa jeshi na wa zaka, akamweka Hunayy, huria wake, ayasimamie. Katika maagizo aliyompa alimtaka awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Sababu aliitaja mwenyewe. Matajiri hawa mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini mnyonge mifugo yake ikifa atamjia Khalifa na watoto wake akilia njaa.

Umar hakufungua malisho kwa kila mtu, kwa kuwa yangekwisha. Hakuyafunga kwa kila mtu, kwa kuwa wanyonge wangekwisha. Aliweka mlango, na mlango huo ulipimwa kwa haja. Watu aliowazuia walikuwa masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo, lakini utajiri wao haukuwapa kibali. Sheria ya msandali inayomwacha mwenye lori na kumkamata mwenye baiskeli imeupindua mwendo wa Umar kichwa chini miguu juu.

Kutokana na mifano hii ndipo fuqahaa wakaweka kaida kwamba uendeshaji wa kiongozi juu ya raia umefungamana na maslaha yao. Wanavyuoni wa Kishafi'i wameeleza kwamba kiongozi akikataza jambo la mubaha kwa maslaha ya watu wote, ni wajibu kumtii. Lakini neno lililobeba hukumu yote ni "maslaha". Marufuku yakionekana hayaokoi mti, na yanamdhuru mnyonge, na yanamtajirisha mlanguzi, kuyaonyesha hayo kwa wenye mamlaka ni nasaha, na nasaha ni katika dini.

Pale walipoulizwa, walisikia

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni ya Makka na Madina, na kanuni za leo hazisikii mtu. Mifano ya karibu inaonyesha vingine.

Udi unatokana na miti ya Asia iitwayo Aquilaria. Nayo ilikatwa mpaka ikaadimika. Jamii yake moja iliingizwa katika Orodha ya Pili ya CITES mwaka 1995, na nyingine zote, pamoja na miti ya Gyrinops inayotoa udi pia, mwaka 2005. Kama kanuni ingebaki ilivyo, kila hujaji anayerudi na kipande cha udi mfukoni angehitaji kibali. Nchi zinazotumia na zinazozalisha udi zililizungumza jambo hili, na ikakubaliwa kwamba msafiri aruhusiwe vipande vya udi visivyozidi kilo 1, mafuta mililita 24, na tasbihi 2, bila ya kibali. Mti haukuachwa bila ulinzi, na tasbihi ya mzee haikufanywa magendo. Hiyo ndiyo idhkhiri ya zama hizi.

Mfano mwingine ni wa Ulaya, ambako sababu ya kukataza si uhaba wa mti bali ni madhara ya ngozi. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitaja vitu 26 vya manukato ambavyo vikizidi kiasi fulani lazima viandikwe kwenye chupa. Kimojawapo ni eujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Mkulima wa Pemba angeweza kuogopa. Lakini karafuu haikupigwa marufuku. Mnunuzi aliarifiwa tu ili mwenye kudhurika ajiepushe. Mwaka 2017 Umoja huo uliamua kukataza viini viwili, atranoli na kloroatranoli, vinavyopatikana katika ukoga unaoota juu ya miti ya mialoni, ambao watengeneza manukato wa Ufaransa wameutumia kwa muda mrefu. Ukoga wenyewe haukukatazwa. Unasafishwa, vile viini vinaondolewa, na harufu inabaki. Kaida yetu inasema madhara huondolewa. Haisemi kwamba chenye madhara kidogo kiondolewe chote pamoja na manufaa yake.

La kudai

Kwa hiyo wananchi wa Karagwe na Kyerwa, viongozi wao wa dini na madiwani wao, wana la kudai, na wana njia ya kulidai.

La kwanza ni kwamba msandali uliopandwa katika shamba la mtu utambuliwe wazi kuwa mali yake, na kibali cha kuuvuna kisiwe kigumu kuliko cha kuvuna mti mwingine aliopanda. Mysore imechukua karne mbili kulijua hili. Sisi hatuhitaji kurudia masomo hayo. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, imekwisha kufanya kazi ya kuotesha miche ya msandali pamoja na mimea ya kuiegemea. Ujuzi huo waweza kuvuka mpaka kwa urahisi kuliko magogo.

La pili ni vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuuwekea kanuni na kukusanya ada. Kijiji chenye msandali katika ardhi yake kinaweza kuandika ni miti mingapi ivunwe, kwa njia gani na kwa miaka gani, na kukataza kung'oa mizizi ya miti ya mwisho ya jike. Hapo mlinzi wa mti atakuwa jirani yake, ambaye halali mbali nao.

La tatu ni mlango wa Umar. Vibali vianze kwa wenye haja ndogo: mganga wa mitishamba anayechukua magome kidogo, mama anayeuza vifukizo, kikundi cha vijana chenye kitalu. Mwenye lori aje nyuma yao, na aulizwe maswali mengi zaidi.

La nne ni kwa upande wetu. Haiwezekani tudai haki ya mti huku tunanunua mizizi iliyong'olewa usiku. Muuza vifukizo amuulize aliyemletea mzigo umetoka wapi. Bidhaa iliyoibwa katika msitu wa umma haitahariki kwa kufukizwa msikitini. Mwenye kutafuta thawabu ya harufu njema kwa mali ya watu wote, amejipaka manukato juu ya nguo chafu.

Hitimisho

Tumeona kwamba uhalali wa manukato ni jambo lisilo na shaka, na kwamba uhalali huo hauondoi mamlaka ya kuweka mipaka. Tumeona kwamba marufuku ya jumla ilihamisha uharibifu kutoka nchi moja hadi nyingine, na kwamba huko Hindi iliua hamu ya kupanda kwa vizazi. Na tumeona kwamba Sheria imetuwekea mwenendo wa kufuata: kulinda kwa maslaha ya wote, kuvua katika katazo kile ambacho watu wana haja nacho ya kweli, na kumtanguliza mnyonge mlangoni.

Anayeandika sheria na aukumbuke mkono wa Umar uliokuwa mzito kwa matajiri na mwepesi kwa wenye kondoo wachache. Na anayeipinga sheria na amkumbuke Al-Abbas, aliyeomba mbele za watu kabla ya kugusa hata jani moja. Wakikutana wawili hawa katika baraza moja, huenda wajukuu wetu wakaujua msandali kwa kuuona kilimani, na si kwa kusoma jina lake kwenye chupa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.